Kuona Mianga ya Kaskazini Ukiwa Newcastle: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila habari za dhoruba ya jua zinapoanza kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wetu wanaoishi Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, na miji ya jirani, maswali huwa ni yaleyale. Leo mianga ya kaskazini (aurora), zile rangi zinazocheza angani usiku, itaonekana? Kp 4, kwenye kile kipimo cha dhoruba cha 0 hadi 9, inatosha? Nitoke saa ngapi, nitazame upande gani? Mbona picha za wenzangu zina wekundu na ukijani, nami nilisimama palepale nikaona giza tu? Nimeyapanga majibu hapa hatua kwa hatua, ili aliyekuja huku kwa masomo au kazi asikeshe kwenye baridi bila sababu.

Jibu fupi ni ndiyo, mianga ya kaskazini huonekana kutoka Newcastle. Lakini Newcastle iko kwenye latitudo ya digrii 55, na Tromsø kule Norwei iko karibu digrii 70. Kule mianga hucheza juu ya vichwa vya watu hata katika usiku wa kawaida. Huku kwetu ni lazima dhoruba iisukume ishuke kusini, na mara nyingi utaiona chini chini upande wa kaskazini, juu kidogo ya upeo wa macho.

Matumaini ya kweli ni kiasi gani?

Dhoruba za sumaku, yaani mtikisiko wa sumaku ya dunia unaoletwa na dhoruba za jua, hupimwa kwa madaraja matano, G1 hadi G5. G1 ni sawa na Kp 5, G2 ni Kp 6, G3 ni Kp 7, G4 ni Kp 8 na G5 ni Kp 9. Shirika la NOAA la Marekani hukadiria kwamba katika mzunguko mmoja wa jua, yaani miaka 11 hivi, kuna siku 900 zenye G1, siku 360 zenye G2, siku 130 zenye G3, siku 60 zenye G4 na siku 4 tu zenye G5.

Kwa Newcastle, mimi naigawa hivi. Kp 5 ni ya kamera, mahali penye giza. Kp 6 kamera itaona vizuri na jicho huenda likapata kitu. Kuanzia Kp 7 ndipo mtu ana haki ya kutarajia kuona kwa macho yake. Ukijumlisha siku za G3 na kuendelea, unapata wastani wa siku 17 au 18 kwa mwaka. Sasa ondoa zile ambazo dhoruba ilipiga mchana, ondoa zenye mawingu, ondoa za kiangazi ambapo usiku hauingii giza. Zinazobaki ni chache, na huwa zimekusanyika zaidi kwenye miaka ambayo jua limechangamka. Kwa hiyo anayetaka kuona ajiandae kabla, kwa sababu usiku wenyewe ukifika hutakuwa na muda wa kujifunza.

Wengi walianza kuulizia baada ya tarehe 10 Mei 2024. Usiku ule dhoruba ilifika G5, ya kwanza ya daraja hilo tangu Oktoba 2003, na mianga ikaonekana hadi Cornwall, kusini kabisa. Tarehe 10 Oktoba mwaka uleule ikaja nyingine ya G4. Usizichukue hizo mbili kama kipimo cha usiku wa kawaida.

Vitu vya kuandaa

- Simu yenye modi ya usiku, au kamera inayokubali kupangwa kwa mkono
- Stendi ya miguu mitatu. Ya bei nafuu inatosha, mradi isitikisike
- Pawabenki, kwa sababu baridi hula chaji haraka
- Tochi yenye mwanga mwekundu, au tochi ya kawaida uliyoifunika kwa plastiki nyekundu
- Soksi za sufu jozi mbili, glovu, kofia inayofunika masikio, na koti la kuzuia upepo
- Chupa ya chai
- Mtu wa kwenda naye, au angalau mtu anayejua umekwenda wapi

Mavazi nayasisitiza kuliko kamera. Wengi hukosa mianga kwa sababu miguu imekufa ganzi wakarudi kwenye gari au nyumbani, na dakika ishirini baadaye anga ikawaka.

Hatua ya 1: Jua miezi yenye giza

Kuanzia wiki ya pili ya Mei hadi mwanzoni mwa Agosti, anga ya Newcastle haifikii giza kamili usiku wote. Dhoruba kubwa sana inaweza kuonekana hata hapo, kama ile ya Mei 2024, lakini ndogo zote zinamezwa na mwanga wa machweo usioisha. Miezi mizuri ni Septemba na Oktoba, kisha Machi na mwanzo wa Aprili. Mchana na usiku vinapokaribia kuwa na urefu sawa, uga wa sumaku wa dunia hukaa kwa namna inayorahisisha upepo wa jua, yaani chembechembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, kupenya, hivyo dhoruba huongezeka. Desemba na Januari zina giza refu, ila mawingu na barafu barabarani hupunguza faida hiyo.

Angalia na mwezi pia. Mwezi mpevu hauzuii mianga mikali, lakini ile hafifu utaikosa.

Hatua ya 2: Jiunge na huduma mbili za tahadhari

Ya kwanza ni AuroraWatch UK ya Chuo Kikuu cha Lancaster. Hii haitabiri. Inapima jinsi uga wa sumaku unavyotikisika hapa Uingereza na kukutumia rangi. Njano ni kuanzia nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 50, rangi ya chungwa ni kuanzia 100, nyekundu ni kuanzia 200. Kwa aliye Newcastle, njano ni ya kuchungulia kwa kamera, chungwa ni ya kutoka nyumbani, nyekundu ni ya kukimbia.

Ya pili ni utabiri wa hali ya anga za juu wa Met Office, shirika la hali ya hewa la Uingereza, au ule wa NOAA. Huu hukuambia siku moja hadi tatu mapema kwamba kuna wingu la chembechembe limetapikwa na jua na linaelekea kwetu. Saa ya kufika huwa ni makisio, na inaweza kupotoka kwa saa kadhaa, hata nusu siku.

*Tahadhari:* Saa za utabiri huandikwa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Wakati wa baridi ni sawa na saa ya Uingereza. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ongeza saa moja. Na kama bado unahesabu saa kwa Kiswahili kichwani, andika pembeni kabisa: 21:00 UTC mwezi wa Septemba ni 22:00 ya hapa, yaani saa nne usiku. Watu wametoka saa tatu kamili, wakachoka, wakarudi kulala wakati wenyewe ndio unaanza.

Hatua ya 3: Soma Bz, usikae unaangalia Kp

Kama utachukua jambo moja kwenye mwongozo huu, chukua hili. Kp ni wastani wa dunia nzima kwa muda wa saa tatu. Inakueleza zaidi yaliyokwisha kutokea kuliko yanayotokea sasa hivi juu ya Northumberland, eneo lililo kaskazini mwa Newcastle. Mtu anayengojea Kp ipande ndipo avae viatu mara nyingi anachelewa.

Setilaiti zinazopima upepo wa jua zimekaa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua. Upepo huo unawapitia wao kwanza, kisha sisi. Ukiwa unakuja kwa kasi ya kilomita 500 kwa sekunde, una dakika 50 hivi kabla haujatufikia. Kwa kilomita 800, una kama nusu saa. Huo ndio muda wako wa kutoka.

Fungua ukurasa wa vipimo hivyo na utazame namba tatu (Bz na Bt huandikwa kwa nanotesla):

- Bz, yaani mwelekeo wa sumaku iliyobebwa na upepo huo. Ikiwa chanya, mlango wa dunia umefungwa, hata kama namba nyingine zote zinatisha. Ikiwa hasi, mlango uko wazi. Kwa Newcastle, hasi 5 haitoshi. Hasi 10 iliyotulia kwa nusu saa au zaidi ni sababu ya kuvaa. Hasi 20, usimalize chai.
- Bt, nguvu yote ya sumaku hiyo. Bz haiwezi kushuka chini kuliko Bt inavyoruhusu. Bt ikiwa 6, kaa nyumbani. Ikiwa 20 na Bz bado ni chanya, usilale, maana inaweza kugeuka ndani ya dakika chache.
- Kasi ya upepo wa jua. Siku za kawaida ni kilomita 300 hadi 400 kwa sekunde. Ikipita 600, dhoruba ina nguvu ya ziada.

*Kosa la kawaida:* Kuona Bz imeshuka hadi hasi 12 mara moja, kisha ikarudi juu, na kukimbilia gari. Tazama mstari mzima wa saa nzima iliyopita. Unachotafuta ni Bz iliyoshuka ikabaki chini.

Hatua ya 4: Tazama mawingu, na upepo unatoka wapi

Usitosheke na ile picha ya wingu kwenye simu. Fungua ramani ya setilaiti uone mawingu yanavyosogea. Huku kuna kanuni moja inayosaidia sana. Upepo ukitoka magharibi, milima ya Pennines hukamua mvua na mawingu mengi upande wa pili, na pwani ya Newcastle mara nyingi huwa safi. Upepo ukitoka mashariki, Bahari ya Kaskazini huleta mawingu mazito na ule ukungu wa baharini ambao wenyeji wanauita fret. Hapo pwani haina maana, elekea bara.

Mawingu yakiwa yamefunika kila mahali, lala. Hakuna dhoruba inayoonekana kupitia wingu zito.

Hatua ya 5: Chagua mahali kulingana na muda ulio nao

Unahitaji vitu viwili tu: upande wa kaskazini ulio wazi hadi chini kabisa, na kuwa mbali na taa zinazokupiga usoni. Mahali penye giza zuri lakini penye kilima au msitu upande wa kaskazini hapafai kitu kwa latitudo yetu.

*Huna gari, una saa moja au mbili.* Panda Metro, treni ya jiji, hadi Whitley Bay, kisha tembea kando ya bahari kuelekea mnara wa taa wa St Mary's. Ni zaidi ya nusu saa kwa miguu. Bahari iko mashariki, na ukitazama kaskazini utaona taa za Blyth kwa mbali. Zinaharibu kidogo sehemu ya chini ya anga, lakini mianga ya wastani hupita juu yake. Watu wa hapa wamepiga picha nyingi nzuri wakiwa pale. Angalia saa ya treni ya mwisho kabla hujatoka nyumbani.

*Tahadhari:* Mnara uko kwenye kisiwa kidogo, na njia ya kwenda huko hufunikwa na maji bahari inapojaa. Baki upande wa nchi kavu, ambako mianga utaiona vilevile. Ukitaka kuvuka ni lazima uwe umesoma ratiba ya maji, na usikubali kuvuka wakati zege la njia hiyo limeanza kulowana pembeni.

*Una gari na saa tatu.* Nenda Steel Rigg, kwenye Ukuta wa Hadrian. Ni safari ya saa moja hivi kutoka mjini. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko kwingine, na sababu ni umbo la ardhi. Jabali lililobeba ukuta limekatika ghafla upande wa kaskazini, na mbele yake kuna mbuga na malisho yasiyo na mji wowote hadi mbali sana. Unasimama huku ukiwa na ukuta wa mawe wa Warumi kiunoni, simu umeiegemeza juu ya nguzo ya uzio, na anga yote ya kaskazini iko chini ya macho yako. Usikaribie ukingo wa jabali gizani, na usipande juu ya ukuta wenyewe.

*Una usiku mzima.* Panda barabara kuu ya A1 kuelekea kaskazini hadi Druridge Bay, au Embleton ambako magofu ya ngome ya Dunstanburgh yanaonekana ng'ambo ya ghuba, au Bamburgh. Kisiwa cha Holy Island ni pazuri, lakini barabara yake huzama mara mbili kwa siku na magari hukwama humo kila mwaka, kwa hiyo soma saa salama za kuvuka kwenda na za kurudi. Kielder, eneo la msitu na ziwa, ina giza kubwa zaidi. Pamoja na hifadhi ya taifa ya Northumberland ilitambuliwa rasmi mwaka 2013 kuwa eneo la anga yenye giza. Shida zake ni tatu: ni mbali, mtandao wa simu ni hafifu hivyo hutaweza kufuatilia Bz, na misitu huziba upeo wa macho kwingi.

Dhoruba ikiwa ya G4 na huwezi kwenda popote, toka hadi Town Moor, yale malisho makubwa yaliyo ndani ya jiji lenyewe. Zipe kisogo taa za mji.

Hatua ya 6: Ukifika, yaache macho yazoee

Zima taa za gari, punguza mwanga wa skrini hadi mwisho, na usubiri dakika 20 hadi 30. Kila ukifungua simu yenye mwanga mkali, unaanza upya. Tafuta kaskazini kwa dira ya simu. Kwa hakika zaidi, tafuta nyota ya kaskazini, ambayo hapa iko juu digrii 55, zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Mianga ya kawaida ya kwetu itakuwa chini ya nyota hiyo, karibu na upeo. Usitafute juu ya kichwa.

Kitu cha kwanza kuona kwa macho si rangi. Ni utepe wa weupe uliofifia, kama pambazuko lililokosea upande. Ukiutazama kwa dakika mbili tatu utagundua sehemu moja imeng'aa kuliko nyingine, na kisha mistari myembamba ya wima inaanza kuinuka na kuhama taratibu. Hapo umeshapata.

Hatua ya 7: Piga picha ya majaribio

Hata kama huoni kitu, piga. Kwa simu, iweke kwenye stendi, washa modi ya usiku, chagua sekunde 10 au zaidi, na utumie kipima muda cha sekunde 3 ili kidole kisiitikise. Kwa kamera, anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, lenzi ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, sekunde 8, na ulenge nyota angavu kwa mkono hadi iwe nukta ndogo kabisa. Mianga ikianza kukimbia, punguza sekunde hadi 3 au 4 na upandishe ISO hadi 3200, la sivyo mistari yote itachanganyika kuwa doa moja.

Ukipata wekundu juu na ukijani mdogo chini, usishangae. Rangi zote mbili hutokana na oksijeni. Ya kijani hutokea kwenye kilomita 100 hadi 150 kutoka ardhini, nyekundu hutokea juu ya kilomita 200. Mianga yenyewe ikiwa mbali sana kaskazini, kupita Uskoti, sehemu ya chini hufichwa na mviringo wa dunia, tunabakiwa na ile ya juu.

Hatua ya 8: Subiri wimbi la pili

Mianga huja kwa mawimbi. Hung'aa kwa dakika 10 hadi 30, hutulia saa moja au zaidi, kisha huweza kurudi. Kama Bz bado iko chini, usifungashe. Saa nne usiku hadi saa nane usiku ndio muda ninaoupa kipaumbele.

Mambo yakikwama

*Tahadhari ni nyekundu, anga ni safi, lakini sioni kitu.* Angalia saa ya tahadhari. AuroraWatch hupima hata mchana, na huenda ulichokisoma ni cha saa moja iliyopita. Kisha piga picha kuelekea kaskazini. Kama picha nayo haina kitu, tazama Bz, na yumkini utakuta imepanda.

*Picha ina waridi au zambarau karibu na mji.* Mara nyingi ni taa za kukuzia nyasi za viwanja vya mpira au mimea, zikipiga kwenye mawingu. Mianga hubadilika umbo kati ya picha moja na nyingine, na nyota huonekana kupitia kwake. Mwanga wa taa hukaa palepale.

*Picha yote ni ukungu.* Gusa lenzi. Pwani huwa na unyevu wenye chumvi, na lenzi iliyotoka kwenye gari lenye joto hulowana mara moja. Futa kwa kitambaa kikavu na uiache ipoe nje dakika kumi. Kama si hiyo, basi simu imelenga kitu cha karibu. Gusa nyota kwenye skrini na ufunge hapo.

*Simu imezima ikiwa na asilimia 30.* Ni baridi. Iweke ndani ya koti karibu na mwili, na itawaka tena.

*Wenzangu Uskoti wanaona, mimi sioni.* Wao wako karibu zaidi. Subiri uone kama Bz itashuka zaidi, na kama una gari, sogea mahali penye upeo mpana kuliko kukimbilia kilomita nyingi kaskazini.

*Nimekosa dhoruba nzima kwa ajili ya mawingu.* Soma maelezo ya NOAA kuhusu chanzo chake. Kama ilitokana na mlipuko, imepita. Lakini kama ilitokana na tundu la korona, yaani eneo la jua linaloachia upepo wa kasi, tundu hilo huzunguka na jua na kututazama tena baada ya siku 27 hivi. Hesabu tarehe, iweke kwenye kalenda ya simu, na siku mbili kabla yake anza kufuatilia tena kuanzia hatua ya 2.